Nyumba Ndiyo Inayochagua Ruta

  

Leo tunakizungumzia kile kisanduku chenye vitaa vinavyomemeta pale sebuleni, ambacho kikizimika dakika tano tu, nyumba nzima inaitana: "Jamani, nani kagusa Wi-Fi?" Tunazungumzia ruta. Tuichagueje? Tuiweke wapi? Na inakuwaje watu wawili wanunue ruta ya aina moja, duka lile lile, halafu mmoja anasifu na mwenzake anajuta?

Jibu langu nalitoa mapema, na nitalirudia mpaka mnichoke. Nyumba ndiyo inayochagua ruta. Bei haichagui, wingi wa antena hauchagui, wala maandishi ya kwenye boksi hayachagui. Ni nyumba yako: kuta zake, umbo lake, na mahali waya ulipoingilia.

Lakini kabla hujashuka Kariakoo, au Luthuli kwa ndugu zetu wa Nairobi, tuulizane kwanza. Una hakika ruta ndiyo mgonjwa? Safari ya intaneti hadi kwako ni ndefu. Inapita kwenye mkongo chini ya bahari, inatua nchi kavu, inapita kwa kampuni inayokuuzia huduma, inakufikia kwa faiba au kwa mnara wa simu, ndipo ruta inaipokea na kuigawa vyumbani. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini. Hapa Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine intaneti ikawa ya kutambaa, kwingine haipo kabisa. Siku ile watu walizima ruta na kuwasha, wakazima na kuwasha, na wengine, sina shaka, walikwishaanza kuulizia bei ya ruta mpya. Wangepoteza fedha bure.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua simu, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime spidi kwa programu yoyote ya kupimia, zipo nyingi na ni za bure. Andika ulichokipata. Kisha nenda chumba kile kinacholalamikiwa, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, pima tena. Na kama kuna kompyuta nyumbani, ichomeke kwenye ruta kwa kebo, nayo upime.

Sasa linganisha. Kwa kebo unapata pungufu ya unacholipia, asubuhi hivyo, usiku hivyo? Ugonjwa huenda uko kwa kampuni. Wapigie simu, na uwatajie vipimo vyako, watakusikiliza tofauti. Kwa kebo safi, karibu na ruta safi, ila chumbani ndiko inakata roho? Hiyo ni nyumba. Kwa kebo safi, lakini hata ukiisogelea ruta Wi-Fi bado inasuasua? Hapo sasa ndipo tunaanza kuishuku ruta, au majirani. Majirani nitawafikia.

Tuingie kwenye nyumba basi, maana hapo ndipo penye mambo.

Ukisoma boksi la ruta utakuta limeandikwa inatosha nyumba ya futi za mraba kadhaa. Mimi nakuambia usizitegemee futi hizo. Nyingi zimehesabiwa kwa kufikiria nyumba kama za Marekani, ambako kuta za ndani mara nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa jipsamu. Kwetu ni tofali za saruji, zikapigwa lipu huku na huku. Ukijenga ghorofa, katikati kuna zege lenye nondo. Na wasikilizaji wetu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa Lamu, wa mji wa kale wa Mombasa, nyinyi ndio mna mtihani hasa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kuna mahali unakaribia nusu mita. Kuta hizo zimejengwa kuzuia joto, na mawimbi ya Wi-Fi nayo zinayazuia vizuri tu. Ruta iliyosifiwa na mtu wa Chicago anayeishi katika nyumba ya mbao inaweza kushindwa kuvuka vyumba viwili vya nyumba ya Mji Mkongwe. Haina kasoro. Imekutana na ukuta.

Nyinyi mnaosikiliza redio somo hili mnalijua tayari. Wazee watakumbuka enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, masafa ya kati: uko kijijini mbali kabisa na bado unaipata, ingawa sauti ina mkwaruzo. Kisha zikaja FM: sauti safi kama mtangazaji yuko chumbani, lakini ukipita milima miwili, imekwisha. Wi-Fi nayo ni redio, na ina masafa yake. Kuna gigahezi 2.4, hiyo inakwenda mbali zaidi na inapenya kuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole. Kuna gigahezi 5, hiyo ina kasi kubwa, ila ukuta mmoja wa tofali unaipunguza sana, na wa pili unaweza kuimaliza. Ruta nzuri ya leo inatoa masafa yote mawili. Ukikuta inayotoa 2.4 peke yake, hata kama bei inakuvutia, iache dukani.

Na hapo ndipo majirani wanapoingia. Kwenye gigahezi 2.4 nafasi ni finyu: kuna njia tatu tu zisizopandana, namba 1, namba 6 na namba 11. Sasa fikiria ghorofa la Upanga au la Pipeline kule Nairobi, kila mlango una ruta yake, wote wanagombea njia tatu. Jioni watu wakirudi, msongamano. Ongeza maikrowevu ya jikoni, ambayo nayo inafanya kazi kwenye masafa yayo hayo ya 2.4, mtu akipasha wali, mtoto anapiga kelele kwamba katuni imeganda. Mnaoishi kwenye maghorofa, vifaa vyenu vya karibu na ruta viwekeni kwenye gigahezi 5. Ile 2.4 iachieni vifaa vya mbali na vile visivyohitaji kasi.

Sasa mahali pa kuiweka. Hapa ndipo naona makosa mengi kuliko popote. Fundi wa faiba anakuja, anatoboa tundu ukuta ulio karibu zaidi na nguzo, anapachika kisanduku hapo hapo, anakusainisha karatasi, anaondoka. Kwake kazi imekwisha. Kwako wewe ruta imekaa pembeni kabisa mwa nyumba, nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati la vyombo kwa sababu mama hapendi kuona nyaya. Nusu ya mawimbi inakwenda barabarani kuwahudumia wapita njia, na nusu inayobaki inapambana na televisheni, friji, kioo kikubwa, na tangi la maji. Maji hunyonya mawimbi, na chuma huyarudisha yalikotoka.

Kwa hiyo siku fundi anapokuja, uwepo nyumbani. Usimwachie kijana wa kazi amfungulie geti. Mwambie kabla hajashika drili: "Fundi, naomba waya ufike hapa koridoni." Waya wa faiba ni mwembamba, unapita darini bila shida, mradi usikunjwe kwa nguvu, kwa sababu ndani yake ni kioo. Pengine atakuomba nyongeza kidogo ya waya na ya usumbufu. Lipa. Fedha hiyo itakusaidia kuliko antena nne za ziada. Koridoni, juu kidogo, usawa wa kichwa au zaidi, pasipo mlango wa kabati. Hapo ndipo pake.

Na hizo antena? Najua wengi wenu mnachagua ruta kwa kuzihesabu. Sita! Nane! Inatisha kama mdudu. Ukweli ni kwamba nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi ina kikomo cha kisheria, na muuza antena nane hana ruhusa ya kukizidi. Halafu hata ruta ikipeleka mbali, simu yako nayo inapaswa kujibu, na simu ina antena ndogo na betri ya kutunza. Ndiyo maana unaona vipau vinne vimejaa na ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Ruta ya antena nne iliyo katikati ya nyumba inaishinda ya antena nane iliyo kabatini. Nimesema nitarudia: nyumba ndiyo inayochagua.

Je, kama nyumba ni kubwa, au kuna vyumba vya uani, au ghorofa ya pili? Hapo ruta moja haitoshi, na hakuna haja ya kuilaumu. Watu hukimbilia kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachodaka Wi-Fi na kuirusha tena. Ni rahisi na kinasaidia kidogo. Lakini kwa kawaida kinapokea na kupeleka kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Na wengi wanakiweka kule kule ambako Wi-Fi haifiki! Sasa kitadaka nini? Kiweke katikati ya safari, mahali ambapo bado kuna mawimbi ya kudaka.

Ndugu yake mwenye akili zaidi anaitwa mesh. Ni visanduku viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, vyenye jina moja la mtandao, nawe ukitembea kutoka sebuleni kwenda chumbani simu inahamia kwenye kilicho karibu. Vizuri sana. Lakini kumbuka vinazungumza kupitia hewa, na hewa yenu ina kuta za tofali katikati. Mesh iliyowekwa kila kisanduku nyuma ya kuta tatu ni fedha iliyotupwa.

Ushauri wangu, na wauzaji wasinichukie, ni huu: pitisha kebo. Kebo moja ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi ghorofani au uani, na mwisho wake kisanduku cha pili cha Wi-Fi. Kebo haijali ukuta, na inafika hadi mita 100 bila kupoteza kasi. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi umeme apitishe bomba tupu la plastiki ukutani kabla ya lipu, hata kama kebo utanunua mwakani. Na ukinunua kebo, uliza kama ni shaba tupu. Sokoni zimejaa zenye waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana, kwa bei ni nafuu, na zinakatika ovyo zikikunjwa. Kwangua ncha kwa wembe: ikitoka nyeupe ndani, mrudishie mwenyewe.

Tuseme sasa umejua nyumba yako, na kweli unahitaji ruta mpya. Uko dukani. Boksi limeandikwa AC1200, la pili AX3000. Muuzaji anakuambia, "Hii 3000 ni moto, mzee." Hebu tuifungue namba hiyo. Wamejumlisha kasi ya juu kabisa ya masafa yote mawili. AX3000 ni 574 ya gigahezi 2.4 pamoja na 2,402 ya gigahezi 5, wakaikamilisha ikawa 3,000. Simu yako haiwezi kuwa kwenye masafa yote mawili kwa jumla hiyo, na kasi zenyewe ni za maabara, si za Mbagala. Kwa hiyo ichukue kama alama ya kupangia daraja, isikutishe.

Kuna herufi chache zaidi za kutazama. Ruta hutajwa kwa kizazi: Wi-Fi 5, Wi-Fi 6, Wi-Fi 7. Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019, na uhodari wake mkubwa ni kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja. Hesabu vya nyumbani kwako: simu za baba, mama, dada, watoto, televisheni, king'amuzi, kamera ya getini, kompyuta. Vinajaa haraka. Kwa nyumba nyingi za kwetu leo, Wi-Fi 6 inatosha na inabaki. Wi-Fi 7 ilianza kuthibitishwa Januari 2024, na kasi yake utaipata tu kama simu yako nayo ni ya Wi-Fi 7. Kama si hivyo, umenunua uwezo usioweza kuutumia.

Lakini kuna kitu ambacho muuzaji hatakutajia, nacho ni hiki: matundu ya kebo kule nyuma. Ruta nyingi za bei nafuu, zilizoandikwa namba kubwa kubwa usoni, zina matundu yasiyopita megabiti 100 kwa sekunde. Umelipia kifurushi cha 200, intaneti inaingia kwa tundu la 100, utapata kama 95, basi. Utapiga simu kwa kampuni kila siku na kampuni haina kosa. Geuza boksi, tafuta maandishi 10/100/1000. Ukikuta 10/100 peke yake, na kifurushi chako ni kikubwa, rudisha. Nasema tena kwa aliyekuwa anafungua mlango: elfu moja ndiyo unayoitafuta.

Na kifurushi chenyewe? Wengi wananunua kikubwa mno. Netflix wenyewe wanasema filamu ya picha safi ya kawaida inataka megabiti 5, na ile ya 4K inataka 15. Jumlisha wanaotazama kwa wakati mmoja, ongeza kidogo, utaona hitaji lako si la kutisha.

Wanaotumia ruta za laini, zenye kadi ya simu ndani, kwenu kuna tofauti moja kubwa. Nyinyi ruta msiiweke katikati ya nyumba kwanza. Inapaswa kuuona mnara. Iwekeni dirishani, upande ambao simu inapata mtandao vizuri, na ikiwa Wi-Fi haifiki ndani ya nyumba, hapo hapo mtoe kebo kwenda kwenye kisanduku cha pili katikati. Pia ulizeni kama imefungiwa kampuni moja. Zile za mtumba kutoka ng'ambo hupendeza kwa bei, kisha unagundua inakubali laini ya kampuni ya nchi ilikotoka tu. Dai ijaribiwe hapo dukani kwa laini yako mwenyewe, na utazame kama aina yake imeidhinishwa na TCRA kwa walio Tanzania, au na Mamlaka ya Mawasiliano kwa walio Kenya.

Umeme nao. Umeme ukikatika, mara nyingi faiba yenyewe bado inapitisha mwanga. Kilichozima ni vile visanduku vyako. Viko vibetri maalumu vya ruta, vidogo, vinavyoiweka hai saa kadhaa kwa sababu ruta hula umeme kidogo sana. Lakini soma chaja yako kabla ya kununua. Imeandikwa volti 12 au volti 9? Ukichomeka ya 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiunguza. Na kama faiba yako ina visanduku viwili, kimoja cha kupokea mwanga na kimoja cha Wi-Fi, vyote viwili vinahitaji betri. Wengi wanawasha kimoja, halafu wanashangaa. Umeme unaporudi kwa kishindo, kile kifaa cha kulinda televisheni mnachokitumia kinaifaa ruta pia.

Nimalizie na mlango, yaani usalama wa ruta. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta za nyumbani nyingi sana duniani, na Oktoba mwaka huo kikaziangusha kwa muda tovuti kubwa za Marekani. Kiliingiaje? Kilijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, zisizofika mia. Watu hawakuwa wamezibadilisha. Ya kwako umeibadilisha? Sizungumzii ile unayowapa wageni tu; nazungumzia ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambayo ikiachwa mara nyingi huwa ni neno admin. Badilisha zote mbili. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa ni vya zamani. Zima kile kitufe cha kuunganisha haraka kiitwacho WPS, udhaifu wake ulifichuliwa tangu 2011. Wageni wafungulie mtandao wao wa wageni, ruta nyingi zinao. Na ukichagua kati ya ruta mbili, chukua ya kampuni ambayo bado inatoa masasisho ya programu yake. Ruta isiyosasishwa inaweza kuwaka taa miaka mingi huku mlango wake uko wazi.

Kuna swali mnaloniletea mara kwa mara: je, ruta izimwe usiku? Ukitaka kuizima, izime, haitaharibika. Lakini ruta nyingi hujisasisha saa za usiku wa manane, na kamera ya getini, kama unayo, inaitegemea. Mimi yangu naiacha, naizima tu nikisikia radi.

Muda wetu umefika. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza kuhusu kununua simu ya mtumba.